Moto wa Fausta Nimeuzima

Mama, ule moto nimeumwagia maji mimi. Gogo ndo kwanza lilikuwa linashika, wanaume washakaa kwenye mabenchi, majirani wa hapa Mlabani washaleta unga na turubai. Nikachukua ndoo ya bafuni nikamwaga. Shangazi akasema, "Moto wa msiba hauzimwi, unaisha wenyewe. Unajua unachokiita wewe?" Unanijua, mbele za watu maneno hayatoki.

Shikamoo, Mama. Nimesahau hata kukuamkia.

Ni hivi. Dada Fausta alipata kazi za ndani Uarabuni. Mimi sikutaka aende, ila sikusema. Alinipigia akiwa uwanja wa ndege, anacheka, eti kapewa kiti cha dirishani. Ndege ikaruka na watu wake wote, ikafika juu ya bahari, ikaacha kuongea. Redio ilisema hivyo hivyo, imeacha kuongea. Mpaka leo haijaonekana.

Sasa kila mtu kawa rubani. Vijana wa bodaboda pale kona wananiita, "Shemeji, ile imetekwa, dada yuko kisiwani anakula nazi." Mwingine anamwambia mwenzake, "Wewe hata Mikumi hujafika, kisiwa utakijulia wapi?" Wanacheka, halafu wakiona nimesimama wanaangalia chini. Fundi simu anasema simu za abiria zinaita, hazipokelewi tu. Ya Fausta haiiti, Mama. Naipiga, naambiwa haipatikani.

Aliyenitisha ni baba mdogo. Alikaa anahesabu kwa vidole, muda mrefu, akasema, "Popote ilipo, mafuta yameshaisha." Hakusema kwa ubaya. Ila palepale shangazi akainuka kwenda kutafuta kuni.

Unakumbuka shambani, tukiwa juu ya dungu tunafukuza ndege kwenye mpunga? Ile ndege ndogo ikipita chini chini unasema, "Wapungieni, wenye haraka hao." Fausta anapunga mpaka dungu linatikisika, unamgombeza. Mimi nilikuwa siangalii juu. Nilikuwa naangalia kivuli chake kinavyokimbia juu ya mpunga. Sikukipenda kile kivuli, na sikuwahi kukwambia.

Tangu ulivyotutoka, Fausta ndo alikuwa mama. Dukani ananisemea, kwa mjumbe ananisemea, mpaka kanisani. Sasa nani anisemee?

Maana wazee wameshakaa. Wanataka tuzike nguo zake, ili asizurure huko kwenye maji. Shangazi kalitoa lile gauni la bluu, kalikunja, kaliweka kitandani, na kitambaa cha kichwa juu yake. Nikipita mlangoni naona kama kuna mtu kalala. Jana nilikuja kwako kupalilia, nikakuta wameshafyeka nyasi pembeni yako. Sehemu ya kumtosha mtu mmoja. Hawakuniuliza.

Mama, kama ameshafika huko, mpokee. Mpe maji, atakuwa na kiu, na usimgombeze. Lakini kama hajafika, naomba usimwite. Hata kama umemkumbuka. Hata akikusogelea mwenyewe, mrudishe.

Leo asubuhi watu wa ile ndege wamepiga simu kutoka Dar. Wanataka ndugu yake wa tumbo moja, aende akatolewe damu. Nikamuuliza yule mtu, "Ya kumwongezea?" Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Halafu akasema, "Wewe njoo tu, kaka."

Nilivyowaambia hapa, shangazi akapiga kigelegele. Wanasema kumbe yuko hospitali, anahitaji damu ya kwao. Baba mdogo kanikumbatia, hajawahi. Majirani wamekunja turubai lao, wanasema niliuzima moto kwa akili. Wananipikia ndizi za njiani. Sijawaambia yule mtu alivyonyamaza, wala kwamba hakutaja hospitali.

Nakuahidi hawatazika kitu mpaka nirudi. Nimelichukua lile gauni, liko kwenye begi langu. Na huko Dar nitauliza mwenyewe kila kitu, kwa mdomo wangu, hata kama watu ni wengi.

Lala, Mama. Naondoka sasa, basi liko stendi linapiga honi, na kwa tumbo lako nimebaki mimi peke yangu wa kutoa hiyo damu.