Mashine ya Ndege Iko Wanyange

Mjomba,

Ni mimi Zaituni, mtoto wa dada yako. Mama akijua nimekaa kukuandikia barua atasema bora ningekusomea Yasini. Yasini nakusomea, kila Alhamisi baada ya magharibi. Lakini ndani yake siwezi kukupa habari za mashine zako za magemu, na najua hizo ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumeshakula.

Basi. Ile ya mpira na ile ya mieleka zimeuzwa. Walikuja watu wa vyuma chakavu, wakazipasua palepale uani, wakachomoa waya wa shaba na kuacha mbao. Mama alizitumia zile mbao jikoni. Ubao wenye picha ya mwanamieleka niliuona ukiungua kuanzia miguuni, na yeye bado amekunja ngumi. Usimkasirikie Mama. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote.

Ile ya ndege iko hapa nilipo, Wanyange, karibu na Jinja, kwenye baraza ya Mama Mkubwa Halima. Nitakueleza ilivyofika.

Chumba chako cha Namakwekwe sasa ni cha beti za mpira. Wamepaka rangi, wamefunga televisheni ukutani pale ulipokuwa umebandika karatasi ya "Hakuna kula muwa humu". Nilipita kabla sijaondoka Mbale. Vijana ni walewale, Mjomba. Wafula, yule aliyekuwa akilia kila ndege yake ikianguka, ana ndevu. Walikuwa wamekaa, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na karatasi yake, na hakuna aliyekuwa anamsukuma mwenzake. Hilo ndilo lililonishangaza. Kwako watu walikaliana mapajani, walipumuliana shingoni, mtu akicheza vibaya kila mdomo ulikuwa na ushauri. Pale walikuwa kimya kama wanaongoja daktari.

"Spea!" Wafula aliniita. "Pole na Afande."

Nikasema ahsante. Akatazama simu yake tena. Nilisimama mlangoni kidogo, halafu nikaondoka.

Afande. Hukuwahi kuvaa gwanda hata siku moja, aliyekuwa mwanajeshi ni Babu. Lakini ulikuwa na kile Kiswahili chake cha askari, cha sauti kubwa, na Mbale mtu mzima akikisikia bado anatazama njia ya kukimbilia. Watoto wa Kigisu waliogopa wiki ya kwanza tu. Wiki ya pili walikuwa wanakuigiza sokoni. "Wewe! Nani nafundisha wewe kupiga mashine? Iko ngoma?" Na ile nyingine, ya mtu aliyepoteza na hataki kumpisha mwenzake: "Toka kwa kiti! Wewe nakufa kitambo. Maiti hapana kaa kwa kiti." Chumba kizima kilikuwa kinacheka.

Sentensi ile sasa siwezi kuisema. Nimejaribu.

Nakumbuka ulivyopenda kutusimulia juu ya Jinja, lile jumba la magemu ulikoanza kazi ya kufagia. Mashine zilipangwa kuta zote mbili, ulisema, na Jumamosi foleni ilifika barabarani, na kelele zake ulizisikia hata ukilala. Bosi wako aliposema biashara imekwisha, wewe ulikuwa umeshajua kuzifungua na kuzifunga, ukamwomba zilizokuwa mbovu zaidi. Ukazipandisha Mbale juu ya lori la sementi, ukazishikilia njia nzima kwa mikono yako. Mama anasema ulifika mweupe kama umepakwa unga, na watoto wa Namakwekwe wakakimbia. Nilikuwa sijazaliwa. Lakini nikifumba macho naliona lile lori, kwa jinsi ulivyolisimulia.

Nilipokuja kupata akili, zilikuwa zimebaki tatu. Kwangu zilikuwa nyingi mno. Nilikuwa naingia kutoka kwenye jua nasimama kwanza, kwa sababu ndani kulikuwa na giza la bluu na harufu ya vumbi lililopashwa moto, na mashine zote zinaimba kila moja wimbo wake. Nilikaa kwenye lile kreti la soda karibu nawe, Mama akisuka vifuniko vyake vya chakula nje, na hakuna aliyenitaka niongee. Shuleni kila mwalimu aliniandikia "aongeze sauti". Kwako kelele zilitosha.

Halafu ukanipa kazi. Unakumbuka?

Mashine ya ndege haina kusimama. Ukitia tokeni umepaa, na risasi zinakuja mpaka uanguke. Sasa adhana ya alasiri inalia, msikiti uko hatua chache tu, na nusu ya wachezaji ni watoto wetu wa Kinubi, wengine baba zao wako safu ya kwanza. Ndiyo ikaja ile desturi ya kushikiana. Anayekwenda kuswali anamwachia mwenzake stiki: "Nishikie." Na anayeshika hapigi risasi. Anakwepa tu. Sheria hiyo uliiweka wewe, kwa sababu Wafula alikuwa akishikia watu anapiga, wakirudi anadai pointi ni zake, na mara mbili walitupiana viatu. Ukasema, "Huyu Zaituni hapendi ugomvi. Yeye ataswali nyumbani na mama yake. Mpeni yeye."

Nilikuwa sifiki vitufe. Ulinisimamisha juu ya kreti.

Toka siku hiyo nikawa Spea. "Spea yuko wapi? Spea, nishikie, imamu anaanza!" Walitupa stiki na kukimbia na udhu wao ukiwadondoka kwenye viwiko, na mimi nikabaki na ndege ya mtu. Nilijifunza kuangalia palipo wazi. Watu wengi wanaangalia risasi, mimi niliangalia nafasi. Wakirudi wanaikuta ndege yao hewani, wanaichukua bila hata kuniangalia, na ilikuwa furaha kubwa, Mjomba, sijui kama nilikuambia. Mchache wa maneno kama mimi tu ndiye anayeijua furaha hiyo.

Ila mchezo wangu mwenyewe sikuweza. Ulinipa tokeni ya sikukuu, nikatia, nikapaa, nikakwepa, nikakwepa. Musa, mmoja wa wale niliokuwa nawashikia, akasema, "Piga sasa! Tazameni, Spea anaogopa risasi zake mwenyewe!" Walicheka mpaka nikaiacha ndege ianguke. Wewe hukucheka. Ulisema, "Muacheni, atapiga akitaka."

Sijui ni lini hasa kelele zilipungua. Kwanza zilikuja zile meza za magemu ya televisheni kule Nabuyonga, ambako ukitaka kwenda msalani unasimamisha mchezo. Halafu simu. Korona ilipofunga kila kitu, ulikuwa unakwenda kuziwasha ukiwa peke yako, ukisema panya wasizoee. Tulipofunguliwa, watoto walikuwa wameshakuwa wengine. Wewe ukaendelea kufungua kila siku, ukaendelea kufuta vioo. Nikitoka shule nilikukuta umekaa kwenye kiti cha wateja. Siku moja adhana ililia, hakuna mtu anayecheza, na wewe ukainuka, ukatazama mashine ya ndege, ukanitazama mimi, ukacheka peke yako ukaenda msikitini.

Sasa nifike hospitali. Nimezunguka sana ili nisifike.

Ilikuwa alasiri. Mama aliinuka kwenda kuswali kwenye korido, na wewe sauti yako ilikuwa imebaki ndogo sana, ukanyoosha mkono juu ya shuka ukasema, "Spea. Nishikie." Mama alicheka akiwa mlangoni: "Ramadhani, hata hapa?" Nami nilicheka. Nikaushika. Ulikuwa wa moto na mkavu. Nilikuwa natazama vidole vyako, vile vyenye alama za waya wa kuchomelea, na Mama hajarudi, na mkono ukawa mzito.

Mimi sijawahi kuangusha ndege ya mtu, Mjomba. Ya Musa, ya Wafula, ya wale wakubwa waliokuwa wakitukana. Zote niliwarudishia. Yako

Nimeacha kidogo, nimerudi.

Baada ya hitima ya arobaini, wakubwa walikaa sebuleni kugawa mambo. Kaka yako mkubwa, Mjomba Juma, alitoka Jinja na miwani yake. Alisema mwenye nyumba anataka chumba, na watu wa vyuma chakavu watamalizia lile sanduku la mwisho. Mimi nilikuwa naleta chai. Nilijua likisemwa tena mara moja litakuwa limekwisha, kwa sababu akisema Mjomba Juma mara mbili hakuna wa kumpinga. Nikaweka sinia chini. Nikasema, "Ile ya ndege isiuzwe."

Kila mtu aligeuka kutazama mlango. Walidhani kuna mgeni ameingia! Mama aliangalia redio. Mjomba Juma alivua miwani.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Kumbe huyu ana sauti." Akacheka, na wote wakacheka. "Utaifanyia nini? Wewe hata kucheza huchezi. Unawashikia watu tu, nasikia."

Ningeweza kunyamaza, na ungenielewa. Nikasema, "Nitacheza." Sikuwa nimepanga. Ndilo jibu lililotoka, na ukiliangalia si jibu la kumridhisha mtu mzima, lakini Mjomba Juma alivaa tena miwani, akamwambia Mama ampigie Mama Mkubwa Halima, kwa kuwa kwake ndiko nilikokuwa naletwa kusubiri matokeo ya mtihani. Simu ikawekwa sauti ya wote.

"Ni kitu gani hicho? Friji?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Si friji, dada. Ile mashine ya Ramadhani."

"Haigandishi samaki?"

"Haigandishi."

Halafu nikamsikia anavuta kamasi. "Ileteni," akasema. "Nitaitandikia kitambaa."

Ndivyo ilivyorudi upande wa Jinja, Mjomba, njia ileile, safari hii juu ya pikapu ya vitunguu, imefungwa kwa mkeka wa Mama. Hapa ziwa liko chini ya nyumba na Mama Mkubwa anaanika mukene uani, kwa hiyo ndege yako sasa inanuka samaki wadogo. Kitambaa kweli kakitandika, cha maua.

Watoto wa hapa walikuja siku ya kwanza. Wako pacha wa jirani, Babirye na Kawudha, hodari wa maneno. Babirye alitia kidole kwenye kioo akakivuta, akangoja ndege imfuate. "Imeganda," akasema. Nikamwonyesha stiki. Alipoanguka, Kawudha akaniuliza, "Sasa tunaangalia tangazo ili afufuke?" Nikamwambia hapana, akianguka anampisha mwenzake. "Hivyo tu?" Hivyo tu. Walitazamana kama nimewadhulumu. Lakini kesho yake walirudi na wenzao, na jioni nikiwa ndani nilisikia mtu anapiga kelele, "Umekaa sana! Toka!" na nililia nikisonga posho jikoni.

Kuna habari mbaya. Picha inajikunja kutoka pembeni, kila juma inakuwa ndogo. Nilimleta fundi kutoka Jinja mjini, mzee mpole. Aliifungua, akakuta ulivyoiunga mahali pengi kwa mkono, akasema, "Aliyefanya hivi alikuwa anaipenda." Halafu akasema kioo cha namna hii hakipatikani tena, na kikizima kimezima. Labda mwezi, labda mwaka. Akanishauri niwe nawasha kwa nadra, Ijumaa tu, ili idumu.

Nilifanya hivyo. Niliifunika kitambaa. Watoto walikuja, nikawaambia imepumzishwa. Babirye akauliza, "Inaumwa?" Nikasema kidogo. Wakaenda zao. Siku zilizofuata nilikuwa napita pembeni yake na beseni la samaki, na ilikuwa salama kabisa, hakuna aliyeigusa, na baraza ilikuwa kimya kama kile chumba cha beti. Niliona haya, Mjomba. Nilikuwa nimeiomba mbele ya watu wote, na nimekuja kuifanya kaburi.

Jana niliondoa kitambaa. Nikatia tokeni, nikapaa. Watoto wakajaa. Risasi zilipokuja mkono wangu ukaanza kukwepa wenyewe, na nikasikia kidole gumba kimekaa juu ya kitufe, hakifanyi kitu. Nikabonyeza. Nilipiga kila kilichokuja, Mjomba, nilipiga hata mawingu! Sikuwahi kujua ile mashine inatetemeka hivyo. Nilianguka mapema, mapema kuliko hata Wafula. Kawudha alisema, "Shangazi, wewe hujui!" na Babirye akanisukuma kwa kiuno niondoke, na nikaondoka nikicheka huku machozi yanatoka.

Ndege ya mtu nimeangusha, ilikuwa yangu. Na mkono wako, nimeufikiria upya. Mama anasema ulikuwa unataka mtu wa kukaa naye tu wakati unaondoka, hukuniomba nikuzuie. Najitahidi kumwamini. Leo naweza zaidi ya jana.

Mwenyezi Mungu akufanyie wasaa huko uliko, akupe mwanga mwingi kuliko ule wa bluu. Ninakuahidi hili: nitaiwasha kila siku umeme ukiwepo, watoto waichoshe, mpaka kioo kizime kikiwa kinachezwa. Sitaificha tena. Nami nitacheza kila siku, vibaya hivyohivyo, mpaka nijue.

Kwaheri, Mjomba. Kawudha ananiita barazani, anasema zamu yangu imefika na nikichelewa ataichukua yeye.

Zaituni wako