Alama za Vidole Vyako Bado Ninazo

Carrow, Montana
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Garrett,

Salamu hizi zikukute umeamka, jiko la kuni linawaka, na tumboni umeshatia kitu cha moto. Hali yako ikoje? Usinijibu lile jibu lako la siku zote, kwamba uko sawa, maana ulisema uko sawa hata siku farasi wa akina Pruitt alipokuvunja mbavu. Mimi sijambo. Goti linanisumbua kwa baridi hii, na duka halina wateja wengi tangu msimu wa kuwinda ufungwe. Utashangaa barua imefikaje bila stempu, tena siku ambayo posta haifanyi kazi. Soma tu, utaelewa.

Kwanza nikueleze habari za yale maombi yako, kwa sababu umenipigia simu mara kadhaa kuyaulizia, na hiyo ndiyo simu pekee unayonipigia siku hizi. Unakumbuka ulipokuja dukani kununua kile kizima mlio cha bunduki. Nilikuambia, kama ninavyomwambia kila mteja, kwamba kitu chenyewe kinabaki kwenye sefu yetu mpaka serikali ikubali kukuhamishia umiliki, na kwamba hawakubali kabla hawajapata picha yako na alama za vidole vyako. Ukacheka, ukasema zamani walikuwa wanakupaka wino mpaka kwenye kola ya shati, na sasa dada yako mwenyewe anakubonyeza vidole kwenye kioo kama daktari wa watoto.

Vidole vyako vikakataa. Mashine ilisoma vinne vya kulia ikatoa alama nyekundu ya kukataa, tukarudia, alama ile ile tena. Nikakutania kwamba kwa vidole hivyo ungefaa kuwa mwizi, ungeshatajirika. Miaka yote hiyo ya kusugua kwato za farasi kwa tupa imekula ngozi yote, na majira ya baridi yamemalizia kilichobaki. Nikafanya ninavyowafanyia wafugaji wote wanaokuja na mikono ya namna hiyo: nikachukua kopo la mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe, nikaanza kukupaka. Ukauvuta mkono ghafla. Nilikuwa nimesahau kabisa, Garrett, na unisamehe. Nilisahau kwamba marehemu mkeo Noreen alikuwa akikupaka mafuta hayo hayo kila jioni mbele ya televisheni, huku akikugombeza kwamba mikono yako inachana soksi zake. Baadaye ukaurudisha mkono mwenyewe, ukageuza uso dirishani, ukaniacha nimalize. Safari hiyo mashine ikasoma vidole vyote.

Wakati nasubiri faili lijihifadhi nikakuuliza kizima mlio ni cha kazi gani, wewe ambaye hujawahi kupenda vitu vya madoido. Ukasema ni kwa ajili ya Waffle. Ukasema ukipiga mbweha karibu na zizi, yule mbwa anaingia chini ya kitanda na kutetemeka mpaka asubuhi, na tangu Noreen afariki anatetemeka zaidi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu bado ana kitu cha kukijali. Ukaongeza, huku unavaa koti, kwamba na majirani nao hawatasumbuliwa. Kisha ukaniachia ufunguo wa akiba wa nyumba yako, ukasema ukae kwangu, huwezi kujua. Nikautia mfukoni bila kufikiri.

Jumatano, jirani yako Wendell akaingia dukani kutafuta betri za kifaa chake cha masikio. Nje, kwenye gari lake, alikuwa amekaa Waffle. Nikamuuliza kama mmepeana zamu ya kumtunza. Wendell akasema hapana bwana, umemgawia moja kwa moja, pamoja na bakuli lake, blanketi lake na kadi ya chanjo. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikamuuliza amempa lini. Akasema siku ile ile uliyotoka dukani kwangu, jioni.

Nilikaa kwenye boksi la risasi nyuma ya kaunta. Kizima mlio ni cha mbwa, na mbwa umemgawa. Nikakumbuka lile neno lako la majirani. Majirani gani? Jirani yako ni Wendell tu, yuko ng'ambo ya kilima, na masikio yake yalishakufa. Nikamweleza Wendell yote. Alivua kofia, akasema yeye ni mjinga wa mwisho, alidhani anapewa mbwa kumbe anaagwa.

Sasa naliandika neno lenyewe, kwa sababu katika familia yetu hakuna anayejua kulisema kwa mdomo, na mimi ndiye mbaya kuliko wote. Je, unafikiria kujiua, mdogo wangu? Kama nimekosea, nicheke mpaka nife kwa aibu, nitakubali. Kama sijakosea, sina hasira na wewe wala sikuonei haya. Ninaogopa, basi. Ninaogopa mpaka silali.

Na hili ndilo ninalotaka kukuungamia. Kila ulipopiga simu nikakuambia mtandao wa serikali ni mzito, faili linagoma kwenda. Nilikudanganya. Mtandao ni mzima. Lilikuwa bado halijaenda Wendell alipokuja, na tangu hapo sijalituma. Alama za vidole vyako bado ninazo hapa kwenye kompyuta, na nimezikalia kama kuku.

Najua bunduki nyingine unazo kabatini, na kukunyima kizima mlio hakunisaidii kitu. Ndiyo maana sikuishia hapo. Unakumbuka mwaka ule mzee Orrin alipomzika mwanawe? Baba alikwenda kwake na gari, akanywa kahawa, akamwambia kwamba kabati letu lina nafasi na bunduki zake zinaonekana zitashika kutu. Orrin akampa zote. Hakuna aliyetaja sababu, hakuna aliyemcheka. Theluji ilipoyeyuka Baba akamrudishia zimepakwa mafuta, zinang'aa, na Orrin akaishi mpaka akatuchosha kwa hadithi zake. Bonde zima hufanya hivyo. Sasa ni zamu yako tu kutukabidhi zako, kama ambavyo siku moja itakuwa yangu.

Hicho kizima mlio ndicho chenye matata. Kikiandikishwa kwa jina lako peke yako, sheria haimruhusu mtu mwingine kukaa nacho, hata dada yako. Lakini kikiandikishwa chini ya amana ya familia, yaani hati ya umiliki wa pamoja, kila aliyetajwa ndani yake anaweza kukitunza, mradi naye alete picha yake na alama zake. Basi jana nilifunga duka, nikajipaka yale mafuta, nikabonyeza vidole vyangu mwenyewe kwenye kile kioo. Mashine ilinikataa mara ya kwanza kama ilivyokukataa wewe. Kumbe tumerithi ngozi moja. Faili langu liko kando ya lako, na hakuna litakalokwenda bila lingine. Ukikubali, tunaandika amana, tunasaini, tunatuma yote mawili. Kizima mlio kitakaa kwangu mpaka siku utakapokuja kukichukua ukiwa na mbwa wa kumkinga na mlio. Usipotaka tena kununua, tunafuta yote na nakurudishia hela zako.

Wendell anakusalimu sana. Anasema Waffle amekataa bakuli lake na analala mlangoni kwake ameelekea upande wa kwako, na kwamba yeye hawezi kufuga mbwa wa mtu aliye hai.

Barua haina stempu kwa sababu nimeipitisha mwenyewe chini ya mlango wako. Tuko uani, ndani ya gari la Wendell. Tumeleta kahawa, na Waffle kakaa katikati yetu, kanichafua koti lote. Washa taa ya barazani, tutaingia. Usipoiwasha tutaingia vilevile. Ufunguo ninao, wewe mwenyewe ulinipa.

Dada yako akupendaye,
Arlys