Faili Lako Nililolipeleka Manassas

Mama,

Ulikuwa ukisema kwamba barua ya ukurasa mmoja ni salamu, ya kurasa mbili inaomba kitu, na ya kurasa tatu imeandikwa na mtu aliyekosa. Hii itafika tatu, kwa hiyo umeshajua.

Niko mezani, jikoni kwetu Herndon. Ni Jumamosi asubuhi, na simu nimeizima ili mama wa Kitale asinipate kabla sijamaliza. Yeye ni dada yako na ndiye aliyenizaa, na wiki hizi siwezi kusikia sauti yake bila kuona haya. Nitakueleza.

Kwanza habari za huku, maana najua hutasikiliza lolote kabla ya kupata habari. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukusindikize uwanja wa ndege wa Dulles ukiwa ndani ya lile sanduku, nami nikabaki kwa sababu karatasi zangu za uhamiaji hazikuniruhusu kutoka nikarudi. Wenye nyumba wamepaka kuta rangi na kuliondoa lile zulia lenye doa la chai. Nafasi yako ya kwaya wamempa Mama Brenda, ambaye anaimba kama anayeita kuku jioni, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Kazini kwa wazee wananipenda bado. Tangu mtu mwenye baba Mkenya aanze kutafuta urais wa nchi hii, kila mgonjwa ninayemwogesha ananiuliza kama tunajuana naye. Ungecheka.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Unakumbuka siku tuliyofungua bandeji. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda. Muuguzi alikuwa amenionyesha jinsi ya kumwaga maji ya kidonda yaliyokusanyika kwenye vile vichupa viwili vya plastiki, na nilipomaliza ukasema tufungue tuone walichoacha. Nikafungua. Upande mmoja lilikuwa ziwa lako, upande wa pili mshono tu, umenyooka kutoka kwapani hadi katikati. Ukageuza uso ukutani, ukalia bila sauti, halafu ukasema, "Nekesa, sasa mimi ni nusu mtu." Nikakushika mkono nikakuambia wewe ni mtu kamili. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba nilipouona ule upande uliolala bapa, nilipata wivu.

Nimeliandika. Silifuti.

Sikufurahia maumivu yako, Mungu ni shahidi. Ningekatwa mimi mara kumi ili wewe upone. Lakini wivu niliupata, nikiwa nimeshika bandeji yenye damu yako, na tangu siku hiyo nimejiona mtu mbaya. Wewe ulimwomba Mungu akubakizie hata moja. Mimi naomba niondolewe yote mawili, na ni mazima, hayana doa. Hata lile ziwa la bandia ulilokuwa ukiliita Mgeni, ukiuliza kila asubuhi "Mgeni wetu amelala wapi leo?", tulilicheka pamoja, lakini mimi nilicheka nikiwa nimeuma meno.

Nilianza kujifunga kifua nikiwa darasa la saba kule Kitale, kwa kipande cha shuka kuukuu. Huku nikapata bandeji ya kuvutika. Ulipoiona imeanikwa bafuni nilikuambia ni ya mgongo, kwa sababu ya kuwainua wazee. Ukaniamini. Ukaninunulia dawa ya kuchua, na kila Jumapili baada ya chakula uliniambia nilale kifudifudi, ukanichua mpaka mikono yako ikachoka, nawe umetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. "Mgongo ndio cheti cha CNA," ulikuwa ukisema, ndivyo wanavyotuita huku sisi wasaidizi wa wauguzi. Mgongo wangu haujawahi kuuma, Mama. Miaka minne nililala pale nikinusa ile dawa, nikanyamaza.

Ulipoondoka nilimtafuta mshauri huko Fairfax, mwanamke mpole ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu wanaotaka kubadili jinsia. Nilidhani nitamweleza mara moja na mambo yatakwisha. Nilimwambia kwamba matiti haya si yangu, kwamba nikioga sijitazami, kwamba tangu yaote najiona kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi na mwenyewe hakurudi. Akaandika yote. Kisha akaniuliza ni lini nitaanza kuishi kama mwanamume, nitatumia jina gani, na kama nimeanza sindano za homoni. Nikamwambia hapana, hakuna hata kimoja. Jina langu ni Nekesa, nilizaliwa wakati wa mavuno, na nalipenda. Sitaki ndevu, sitaki sauti nzito, sitaki kuitwa Bwana. Kanisani nitaendelea kukaa na akina mama, na gauni langu. Nataka tu kifua kiwe bapa.

Akaweka kalamu chini. Alisema utaratibu uko hivi: mtu huishi mwaka mzima kama mwanamume mbele ya watu wote, hutumia homoni, ndipo huandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji. Mimi nilikuwa nataka kuanzia mwisho. Akaniuliza taratibu kama naogopa au kama kweli sitaki. Hilo liliniumiza kwa sababu sikuwa na jibu moja. Naogopa, ndiyo. Naogopa kanisa, naogopa kazini, namwogopa mama wa Kitale. Lakini hata ukinipeleka mahali ambapo hakuna anayenijua, bado sitaki ndevu. Kwa Kiswahili sikuwahi kulazimika kueleza, maana yeye ni yeye tu na hakuna anayeuliza yeye yupi. Kwa Kiingereza hata kunitaja ni lazima wachague upande. Nilitoka pale na aibu mbili, ya kulitaka jambo lile na ya kutolitaka vya kutosha.

Ndipo nikafanya nililofanya.

Manassas kuna daktari wa upasuaji, naye ni mwanamke, ambaye huwaondolea matiti wanawake wazima wanaoogopa kansa kwa sababu imo katika ukoo wao. Nilisikia habari zake kazini. Nikapanga siku, nikapewa fomu. Fomu ilikuwa na mstari wa mother, na mbele yake wanauliza kama yu hai au amekufa, na aliugua nini. Nikaandika amekufa. Nikaandika kansa ya ziwa. Nikaandika umri wako, miaka arobaini na tisa.

Niliiambia nafsi yangu kwamba sijadanganya. Kwetu mama mdogo ni mama. Nani aliniita mwanangu tangu nilipotua hapa na miaka kumi na minne na sweta la shule? Tena wewe ndiye uliyeanza. Siku ya kuniandikisha shule uliandika mother kwa herufi kubwa, mwalimu akasema tunafanana, nawe ukatembea kwa maringo mpaka kituo cha basi. Lakini wewe uliliandika neno lile ili unibebe. Mimi niliandika ili nipate kitu.

Jumapili iliyofuata mama wa Kitale akanibip, nikampigia kwa kadi. Alikuwa na furaha, ng'ombe wake amezaa ndama jike. Akaniuliza mbona napumua kama nimepanda mlima, akaniambia nile vizuri na nisisahau kuomba. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimemwandika marehemu. Nilimwambia kadi inaisha. Ilikuwa imebaki na saa nzima.

Daktari alikubali haraka, Mama, haraka kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyeniuliza juu ya ndevu wala jina. Kwa hofu ya kansa mtu anaruhusiwa kukatwa na kubaki alivyo. Akanipangia siku ya upasuaji, kisha akaomba nilete karatasi za ugonjwa wa mama yangu. Nilikuwa nazo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekubebea faili kila kliniki. Nikalitoa chini ya kitanda chako, lile la kijani la raba mbili, nikampelekea. Majina yetu kutofanana hakukumshangaza. Alisoma polepole, akasimama kwenye ukurasa mmoja. Akaniuliza kwa upole kama mama yangu alinizaa mwenyewe au alinichukua nikiwa mdogo, kwa sababu hapa, alisema, pameandikwa kwamba mgonjwa hakuwahi kushika mimba.

Jambo hilo uliniambia mara moja tu, tukikunja nguo. Uliniambia kwamba mumeo wa Bungoma alikurudisha kwenu baada ya miaka sita, na kwamba mama mkwe wako alikuwa akikuita tasa mbele ya wageni. Halafu ukapiga shuka mkung'uto mmoja, ukasema, "Sasa waje Herndon waone kama sina mtoto." Na mimi mtoto huyo nikaichukua siri yako, nikaiweka mezani kwa mtu baki, akaisoma kwa sauti.

Haikuishia hapo. Nilipoulizwa niliogopa, nikasema, "She was just my aunt."

Just. Sijui hata kwa lugha yetu ningelisemaje. Nililitoa haraka, kama mtu aliyekamatwa anavyotupa alichoiba. Nilikuita mama ili nidanganye, na nilipobanwa nikakukana ili nijiokoe. Jogoo hakuwika kwa sababu Manassas hawafugi.

Daktari hakunifokea. Alisema hata mama mdogo huhesabiwa, ila kwa uzito mdogo, na kwamba anachotaka kujua ni aliko huyo aliyenizaa. Nikasema yuko Kitale, ng'ombe wake amezaa. Sijui kwa nini nilileta habari za ng'ombe. Nikaanza kulia, na ndani ya kilio nikasema yaliyobaki: kwamba siogopi kansa, kwamba sijawahi kuyataka matiti haya hata siku moja, kwamba sina mpango wa kuwa mwanamume, na kwamba Fairfax wameniambia naanzia mwisho. Nilisema kwa Kiingereza kibovu kuliko kile nilichokuja nacho kutoka Kitale.

Alilifunga faili, akalivisha raba zake zote mbili, akanirudishia. Akasema siku ya upasuaji ameifuta, kwa sababu hawezi kumkata mtu kwa sababu isiyo ya kweli. Akasema nikitaka, nirudi kwa yule mshauri aandike barua yenye yale niliyoyasema leo, pamoja na yale nisiyoyataka, na yeye ataisoma. Hakuniahidi chochote. Alisema hajawahi kupata mtu wa namna yangu. Nikasema asante, nikasahau mwavuli wangu pale.

Wiki tatu zimepita. Nimekwenda kazini, nimerudi, nimelala. Sijakanyaga kanisani. Nilidhani aibu ingeua ile hamu, na nilikuwa nimeanza kuomba iwe hivyo. Haikuiua. Asubuhi bado najifunga ile bandeji na bado nayaangalia mapazia badala ya kioo. Nataka vilevile nilivyotaka, Mama, na sasa sina hata mtu wa kumsingizia.

Sijui kama ungenielewa. Labda ungesema Mungu hakosei, ukaingia chumbani ukafunga mlango. Labda ungekaa kimya wiki nzima, kisha siku moja ukaniuliza tu, "Na kidonda utaoshwa na nani?" Nimejaribu kukusikia ukisema la kwanza na nimejaribu kukusikia ukisema la pili, na yote mawili yanatoka kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu niliona haya, na kwa haya hiyohiyo nimekuja kukutumia ukiwa huwezi kukataa.

Nisamehe. Nisamehe uwongo wa fomu, na wa mgongo, na ule wivu. Zaidi ya yote nisamehe lile neno la Kiingereza.

Jana niliwapigia Fairfax simu, nimepata nafasi Jumanne. Nakuahidi hivi. Faili lako halitatoka tena humu ndani kwa ajili yangu. Nitakwenda mikono mitupu. Wakiniuliza habari za mama nitasema ninao wawili, mmoja yu hai na mmoja amekufa, wala sitampunguza yeyote. Wakiniuliza kwa nini nataka kukatwa nitasema ni mimi ninayetaka, na nitawaambia na nisivyovitaka, hata kama hawana mstari wa kuviandika. Wakikataa, watakuwa wamenikataa mimi. Wewe hutahusika.

Lala salama, Mama. Sasa nawasha simu.

Mwanao, hata kama hawakuniandika,

Nekesa