Konveta ya Ojuok

Pasiansi, Mwanza
14 Agosti 1997

Ojuok,

Mimi mzima. Sangara wamepanda bei, mama amepaka nyumba rangi, na barua yako kutoka Dar imefika.

Kumbe hukuandika kuomba radhi. Unaniuliza ununue konveta ipi ya kupeleka nguvu ya injini kwenye gia otomatiki: ya kawaida, au kali kama ile ya kwanza, inayosubiri injini ingurume ndipo gari liruke kama chura. Eti mimi binti wa fundi najua magari. Hata Juni nilijua. Nilikwambia gari la kwenda nalo kazini kila siku halitaki konveta ya mashindano, kwamba ukienda taratibu itachemsha mafuta ya gia. Ukacheka.

Siku ya harusi ukamkataa dereva, ukaja kunichukua mwenyewe. Hukujua kwamba msafara wa harusi huenda nyuma ya matarumbeta, kwa mwendo wa mtu anayetembea? Tulipofika Mkuyuni gari linafuka moshi, wauza nyanya wanatuzomea. Wewe ukalala chini ya gari na suti yako, unalibembeleza. Nikakwambia tutembee, kanisa lile pale. Ukajibu, "Subiri lipoe kwanza."

Nikatangulia na matarumbeta. Nilikusubiri mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Ulipofika, gari lako lilikuwa limepoa, nami nilikuwa nimeshavua shela.

Nunua ile kali, bwana mkubwa. Huna tena mtu wa kumbeba polepole.

Akelo