Baba Zaitun, Nilitumia Kosini

Baba Zaitun,

Najua hakuna wa kukupelekea karatasi hii. Naandika tu. Mtoto amelala, mgongo unaniuma, na nina jambo ambalo nikimweleza mtu mwingine hapa Koboko atanitazama tu.

Nilikwenda. Ule mtihani wa hesabu wa sinia siksi, wa kumaliza sekondari, ulioniandikisha wewe mwenyewe kabla hujaugua, nimeufanya nikiwa bado ndani ya eda yako.

Shangazi yako Rukia hakutaka. Alisimama mlangoni: "Wewe mutoto, bwana yako udongo haijakauka, unaenda Arua kufanya hesabu? Hesabu iko na haraka gani?" Nikamjibu kwa adabu, lakini sikuinamisha kichwa, kwamba mtihani una siku yake na ukipita nangoja mwaka mzima. Mama yako ndiye aliyetuma mtu kwa sheikh. Sheikh akasema mjane mwenye haja anaweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwa mumewe. Shangazi akaja kunifunga mtandio mweupe, akaukaza kama ananiadhibu. Nilipotoka, Zaitun alikuwa mgongoni kwake.

Ukuta wa jikoni haupo tena kama ulivyouacha. Waliupaka chokaa kwa ajili ya wageni wa matanga. Pembetatu zako zote zimekwenda. Nilikuwa chumbani, sikujua, na nilipoona… basi.

Unakumbuka ile ya kwanza? Nilikuwa natandaza kisra, ule mkate wetu mwembamba, kwenye chuma cha moto, nikakuambia hesabu za intigro zenye kipeuo cha pili zinanishinda. Tisa toa x mraba, yote ndani ya kipeuo, utaishika wapi? Ukaokota mkaa ukachora pembetatu ukutani: upande mrefu tatu, upande mmoja x, na upande uliobaki ndio kile kipeuo kilichokuwa kinanitisha, kimekaa pale kama upande wowote. "Weka x iwe tatu mara sini ya theta," ukasema, "uone kama hakitafunguka." Kikafunguka. Kisra ikaungua. Nami nilipofurahi kwamba nimemaliza, ukacheka: "Theta alikuja kusaidia kazi, Mama Zaitun. Mbona umemwacha analala ndani ya jibu? Mrudishe kwao, sisi tuliulizwa habari za x."

Ulikuwa mtu wa sini. Mimi kosini iliniingia vizuri zaidi, sijui kwa nini. "Sini ndiyo barabara ya lami," ulikuwa unaniambia, "wewe unapita kwenye majani, na ile alama ya kutoa itakuuma." Na iliniuma kweli, mara nyingi. Tulibishana mpaka mama yako akauliza hao kina Sini na Kosini ni watu wa ukoo gani.

Basi lile swali likaja. Moja juu ya kipeuo cha tisa toa x mraba. Nimekaa na nguo yangu nyeupe katikati ya watoto wenye sare, maziwa yameanza kunitoka, kifua kimelowa, na mkono wangu unataka kuandika sini kwa ajili yako. Nikauzuia. Ningeandika sini ningeanza kukulilia, na nikilia siwezi hesabu. Nikaweka kosini. Alama ya kutoa ikatokea, nikaishika, nikaenda nayo hadi mwisho.

Nje walikuwa wanalinganisha majibu. Wote wana sini kinyume ya x juu ya tatu. Mimi nina kosini kinyume, na alama ya kutoa mbele yake. Kijana mmoja akanipa pole: "Mama, hiyo kutoa imekumaliza." Wakacheka, si kwa ubaya. Baba Zaitun, niligeuka kukutafuta. Kweli kabisa, niligeuka, mdomo umeshafunguka, nikuulize nani amekosea.

Njia yote ya kurudi nilikuwa nalirudia jibu langu kichwani. Nilifika jua bado liko, Shangazi akanipa mtoto bila salamu. Nikamnyonyesha kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine nikalifanyia jibu langu difirenshieti, nirudi nyuma nione kama litanipeleka kwenye swali. Likanipeleka. Nikarudia kwa jibu la wale watoto, nalo likafika palepale. Hayapingani. Tofauti yao ni namba moja isiyobadilika, na ile C inayoongezwa mwishoni mwa kila jibu inaibeba bila shida. Tulibishana bure miaka yote, na wewe nadhani ulijua, uliniacha tu nibishe.

Sikufurahi kama nilivyodhani. Nilitaka unikatalie kidogo kwanza.

Ndugu yako ameanza kupita hapa jioni, anaulizia hali ya mtoto, anaulizia na yangu. Ni mtu mwema. Eda ikiisha akileta maneno ya ndoa, nitamjibu kwa heshima kwamba kwanza nasoma ualimu. Nimeshamwambia mama yako. Akasema Zaitun atabaki naye siku za masomo.

Hilo ndilo ninalokuahidi: nitasimama mbele ya darasa, na mtoto atakayeniletea jibu lisilofanana na langu sitamfutia kabla sijalifuata mpaka mwisho.

Mungu akulaze pema, mume wangu. Zaitun anaamka, anatafuta ziwa. Naenda.

Mama Zaitun