Sakafu ya Chumba cha Mama

Ruiru, Jumapili

Waruguru dada yangu,

Sisi wazima, na baridi ya Doha natumaini ni ya feni tu. Naandika kwa sababu kwa simu nimeshazoea vibaya.

Namjengea Mama chumba nyuma ya nyumba. Udongo wetu hunywa maji, kwa hiyo sakafu ni ya mbao juu ya boriti. Nilienda Thika kuchagua mbao mwenyewe, na unajua ninavyojiamini. Nikaleta zilizong'aa, nyepesi, zinazoingiana kama vidole.

Barasa, fundi wetu, akalaza moja juu ya boriti mbili. "Panda, mwalimu." Ikapinda kama chapati.

"Hizi ni za dari," akasema. "Ama Mama atakaa huko juu na popo?"

Mke wangu Emmah alicheka mpaka akakaa chini.

Barasa akauliza sakafu itabeba nini. Nikasema kitanda na mama mwembamba. "Anatembea?" Nikajibu, "Vizuri sana," kama ninavyokujibu wewe kwa simu kila wiki. Akatazama mlango niliouchora: hauna ngazi, una mteremko.

Waruguru, ni kiti cha magurudumu, tangu Pasaka. Mama alinikataza kukuambia, akisema utaacha kazi.

Tumechukua mbao za saiprasi, unene inchi moja, na boriti tumezisogeza karibu. Barasa alipitisha wilbaro ya mawe, nami nikiwa nimesimama hapo hapo. Sakafu haikulia.

Usiache kazi, ila likizo njoo. Usimgombeze Mama, nigombeze mimi. Sakafu itatubeba sote.

Ni mimi ndugu yako,
Gachau