Mkono wa Babu Fransis

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma atakufa, na mimi nitakukata." Babu Fransis huyo, panga mkononi, anamfokea dresa, mganga msaidizi wa zahanati. Temeke, mwaka hamsini na tatu. Bibi Margareta katusimulia leo mezani, shoga yangu Auleria. Babu yule yule mpole.

Mtoto ndiye baba yangu. Amekakamaa mapajani mwa bibi, macho yamegeuka. Nyumbani walishamfukiza kinyesi cha tembo, wapi.

Dresa, Ansbert, alikuwa ametoka mafunzoni wiki ile. Akasema, "Bwana Fransis, hii ni malaria imepanda kichwani. Tumefundishwa juzi tu: watoto hawa wanakufa kwa kucheleweshewa sindano, sindano haiwaui." Babu akamchapa ubapa wa panga sikioni. Damu ikamwagika hadi kwenye koti. Ansbert hakuliachia bomba la sindano.

Bibi akamtazama mtoto, akamtazama mumewe. Akamlaza mtoto mezani, akachomoa komeo la mlango.

Komeo la mvule, shoga. Akampiga nalo babu mkononi, mfupa ukalia, panga likaanguka. Akampiga tena pale pale.

Na sie tumekua tukiambiwa alianguka mnazi. Ule mkono uliopinda, tulivyokuwa tukiucheka.

Babu yuko chini anagugumia, bibi amesimama juu yake na komeo lake. Akamwambia Ansbert, "Mtoto akifa, komeo hili litakugeukia wewe. Choma."

Akachoma.